Koliflawa ya Bustani ya Nyumbani: Kutoka Mbegu Hadi Ua Jeupe Lililoshikana

Wanaoanza kupanda koliflawa huuliza maswali yale yale kila msimu. Majani yamekuwa mapana kama masikio ya tembo, mbona ua halitoki? Ua limetoka dogo kama kifungo cha koti, nimekosea wapi? Mbona limegeuka njano? Karibu yote yana asili moja: mmea ulisimama kukua mahali fulani njiani, au ulikutana na joto wakati usiofaa.

Kabichi ukiisahau siku nne bila maji itanuna, kisha itaendelea. Koliflawa haisamehe. Kiu ya wiki ya tatu utaiona kwenye ua la wiki ya kumi. Tena kila mche hutoa ua moja tu. Ukishalikata, hauchipui mengine pembeni kama brokoli. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinalenga jambo moja: mche usikwame kukua tangu unapoota hadi siku ya kisu.

Vipimo vyote vimepigiwa hesabu ya miche 10 kwenye tuta la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.5. Kama una nafasi kubwa zaidi, zidisha.

Anza na kalenda, si na mbegu

Koliflawa hufunga ua vizuri joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 20 za Selsiasi. Likikaa juu ya nyuzi 25 kwa siku nyingi, aina nyingi ama huendelea kutoa majani tu, ama hutoa ua lililolegea, lenye manyoya au vijani vinavyochungulia katikati. Zipo aina zilizozalishwa kwa ajili ya maeneo ya joto, na hizo hufunga ua hata kwenye nyuzi 25 hivi. Soma pakiti. Kama haisemi lolote kuhusu joto, ichukulie kuwa ni aina ya baridi.

Hesabu kwa kurudi nyuma. Pakiti ikiandika siku 70, kwa kawaida maana yake ni siku 70 tangu kuhamishia miche shambani, si tangu kusia mbegu. Ongeza siku 30 hadi 35 za kitaluni, unapata siku 100 hivi. Tafuta wiki zenye ubaridi zaidi mahali ulipo, panga wiki tatu za mwisho za mmea ziangukie humo, kisha rudi nyuma siku 100 kutoka mwisho wa wiki hizo: hiyo ndiyo tarehe ya kusia. Aina za mapema huchukua siku 55 hadi 70 tangu kuhamishia, za kati 75 hadi 90, za muda mrefu hupita 100. Anayeanza achague ya mapema au ya kati, maana kila wiki ya ziada bustanini ni wiki ya ziada ya kukosea.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mbegu. Gramu moja ina mbegu zipatazo 300, hivyo pakiti ndogo kabisa inakutosha misimu kadhaa. Ukiitunza pakavu na penye ubaridi, mbegu huota vizuri kwa miaka 3 au 4.
- Trei ya miche au vikombe 20 vilivyotobolewa chini, vyenye kina cha angalau sentimita 5.
- Udongo wa kitalu: sehemu 2 za udongo mzuri wa juu, sehemu 1 ya mboji iliyoiva, sehemu 1 ya mchanga. Chekecha.
- Mboji au samadi iliyooza vizuri, ndoo 3 za lita 10. Udongo wako ukiwa maskini au wa kichanga, ndoo 6.
- Mbolea ya kupandia (DAP) gramu 50, na ya kukuzia (CAN) gramu 150. Wasiotumia mbolea za viwandani wataona mbadala kwenye hatua ya 7.
- Karatasi za kupima pH (kiwango cha tindikali) ya udongo.
- Chandarua cha kuzuia wadudu chenye matundu madogo, kipande cha mita 3 kwa 4, na fito au waya za kukibeba juu ya tuta.
- Vipande 10 vya karatasi ngumu, kila kimoja upana wa sentimita 8 na urefu wa sentimita 15.
- Gunia moja la nyasi kavu au majani makavu ya kutandaza.
- Kamba laini au vibanio vya nguo, na kisu kikali.
- Maji lita 100 kwa wiki. Kama huna uhakika nayo, punguza miche iwe sita. Sita iliyokunywa ikatosheka itakupa chakula kingi kuliko kumi yenye kiu.

Hatua ya 1: Andaa tuta wiki nne kabla ya kuhamishia

Chagua mahali panapopata jua saa sita au zaidi kwa siku, na ambapo kwa miaka mitatu hapakupandwa kabichi, sukuma wiki, brokoli, figili wala ndugu yao mwingine. Hawa wote wanagawana magonjwa yale yale, na baadhi hukaa udongoni miaka mingi yakisubiri mwenyeji.

Lima kwenda chini sentimita 30, toa mizizi na mawe, kisha pima pH. Koliflawa inataka 6.5 hadi 7. Ikiwa chini ya 6, tia chokaa ya kilimo gramu 200 kwa kila mita ya mraba, yaani gramu 600 kwa tuta zima, uichanganye vizuri na udongo. Usitie chokaa na samadi siku moja: chokaa huifukuza naitrojeni ya samadi ikapaa hewani, na ile harufu kali ya amonia utakayoisikia ndiyo mbolea yako inayoondoka. Tia chokaa kwanza, subiri wiki mbili, ndipo uchanganye mboji au samadi.

Samadi mbichi haifai kabisa hapa. Inaunguza mizizi, inaleta funza wa mizizi, na inasukuma majani kwa fujo.

Hatua ya 2: Safisha mbegu kwa maji moto, kama ni za kienyeji au hujui zilikotoka

Uozo mweusi, ugonjwa mbaya kuliko yote ya jamii ya kabichi, husafiri ndani ya mbegu. Mbegu za kampuni zilizopakwa dawa ya rangi usizitie maji. Ruka hatua hii. Nyingine zifunge kwenye kitambaa chepesi, zitumbukize dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 38, kisha dakika 20 kamili kwenye maji ya nyuzi 50, halafu zipoze kwenye maji baridi na kuzianika kivulini. Lazima uwe na kipimajoto. Kwa kukisia kwa kidole utaishia na mbegu zilizochemka au vimelea vilivyoogeshwa tu. Zisie siku ile ile au kesho yake. Mbegu zilizopitia maji moto hazitunziki.

Hatua ya 3: Sia mbegu

Jaza vikombe udongo, mwagilia hadi maji yatoke chini, acha vichuruzike. Weka mbegu mbili kila kikombe, kina cha sentimita 1, na ufunike kwa udongo laini. Weka kivulini hadi zitakapochomoza, siku 4 hadi 7 joto likiwa nyuzi 20 hadi 25.

Zikishachomoza zitoe kivulini siku hiyo hiyo, uzipeleke penye mwanga mwingi. Siku mbili gizani zinatosha kuufanya mche uwe mrefu, mwembamba na mweupe shingoni, na shingo ya namna hiyo haitarudi kuwa nene. Majani mawili ya kwanza ya kweli (si yale mawili ya duara ya kuotea) yakitokea, kata mche dhaifu kwa mkasi, ubaki mmoja kwa kila kikombe. Usiung'oe, utautikisa mwenzake.

Mwagilia asubuhi, na udongo ukauke kidogo juu kabla ya kumwagilia tena. Wengi huua miche kwa huruma: wanamwagilia asubuhi na jioni hadi kinyausi kinaingia. Utakijua kwa shingo ya mche kusinyaa na kuwa kama uzi pale inapogusa udongo, kisha mche unalala. Aliyelala haamki. Mtoe pamoja na udongo wake, punguza maji, ongeza hewa.

Hatua ya 4: Zoesha miche jua, lakini usiitese

Miche iko tayari ikiwa na wiki 4 hadi 5, majani 4 au 5 ya kweli, na shina nene kama penseli nyembamba. Wiki ya mwisho iweke nje muda mrefu zaidi kila siku, na upunguze maji kidogo.

Hapa kuna kosa linalofanywa hata na watu wazoefu wa nyanya. Nyanya unaweza kuizoesha kwa kuikausha hadi inyauke. Ukifanya hivyo kwa koliflawa, au ukiiacha kitaluni wiki ya saba kwa sababu tuta halijawa tayari, mche unaamini maisha yamekwisha na unaanza kutengeneza ua ukiwa bado mdogo. Utaliona ua hilo baadaye, kubwa kama kifungo, juu ya mmea usio na majani ya kulilisha. Miche iliyochelewa hivyo usiihurumie. Sia mingine.

Hatua ya 5: Hamishia jioni

Pima mistari miwili, sentimita 60 kutoka mstari hadi mstari, na sentimita 50 kutoka mche hadi mche. Ukibana zaidi ya hapo maua yatakuwa madogo na majani hayatakauka baada ya mvua.

Kabla ya kupanda, inamia kila mche na utazame katikati yake. Moyoni panatakiwa kuwa na kijani kidogo kilichojikunja, kinachosukuma kutoka. Ukikuta pamekuwa laini, kama pamefutwa, au pameliwa na kiwavi, mche huo ni kipofu: utatoa majani manene ya buluu-kijani na hautatoa ua kamwe. Utupe leo, usiungoje miezi mitatu.

Chimba shimo la kina cha sentimita 15. Tia kijiko kimoja cha chai cha DAP (karibu gramu 5) chini, kifunike kwa udongo sentimita 3 hadi 5 ili kisiguse mizizi, na uweke mche uzame mpaka karibu na majani ya chini. Zungushia shina kile kipande cha karatasi ngumu kama kola isiyobana, sentimita 3 ndani ya udongo na 5 juu yake. Sota, kiwavi anayeishi udongoni, hukata miche usiku, na kola humzuia asilifikie shina.

Sasa shindilia udongo kwa vidole vya mikono yote miwili. Shindilia kweli. Koliflawa iliyopandwa kwenye udongo uliolegea huyumba, mizizi yake hukatika kila upepo ukivuma, na ua hutoka limelegea. Kipimo ni hiki: shika ncha ya jani moja kwa vidole viwili uvute taratibu. Ncha ikichanika mche ukabaki, umepanda vizuri. Mche ukiinuka, rudia.

Malizia kwa lita moja ya maji kila mche, kisha funika tuta kwa chandarua jioni hiyo hiyo, uzibe kingo zote kwa udongo. Nondo akishataga ndani, chandarua kinamlinda yeye.

Hatua ya 6: Maji na matandazo

Kila mche unahitaji lita 10 hivi kwa wiki, zikigawanywa mara tatu. Udongo wa kichanga, mara nne au tano kwa kiasi kidogo kidogo. Mvua ikinyesha, ingiza kidole hadi kifundo cha pili: kukiwa na unyevu, ngoja; kukiwa kukavu, mwagilia bila kujali mvua ilipiga kelele kiasi gani juu ya bati.

Mwagilia chini, kwenye udongo. Majani yanayolala na maji hukaribisha ukungu, na ua likishatokea, maji yanayotuama juu yake huliozesha.

Siku kumi baada ya kuhamishia, tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha sentimita 5 wazi kuzunguka shina. Mizizi ya koliflawa iko juu juu, kwa hiyo matandazo ni bora kuliko jembe. Palizi ifanywe kwa mkono au kwa kukwaruza tu.

Wiki ua linapoanza kuonekana ndizo wiki za kiu kubwa. Ongeza hadi lita 12 au 13 kwa mche.

Hatua ya 7: Lisha mara mbili

Wiki ya tatu baada ya kuhamishia, tia kijiko kimoja cha chai cha CAN (gramu 5) kila mche, kwa kuzungusha duara sentimita 10 kutoka kwenye shina, kisha fukia kidogo na umwagilie. Wiki ya sita, vijiko viwili, duara la sentimita 15 hadi 20. Kwa aina ya siku 60, sogeza hiyo ya pili iwe wiki ya tano.

Mbadala: loweka ndoo moja ya samadi kwenye ndoo nne za maji siku 10 hadi 14, ukikoroga kila siku. Changanya sehemu moja ya maji hayo na mbili za maji safi, mpe kila mche nusu lita udongoni kila baada ya siku 10. Acha kabisa ua likianza kuonekana, kwa usafi wa chakula.

Usiendelee kumwaga naitrojeni ua likishafikia ukubwa wa yai. Halitakua haraka zaidi. Shina litakuwa na uwazi ndani na ua litalegea.

Kuna madini mawili yanayohitajika kwa kiasi kidogo mno, na koliflawa ndiyo mboga inayolalamika mapema yakikosekana. Boroni ikipungua, shina hutoboka ndani na ua hupata mabaka ya kahawia, likawa chungu. Kama msimu uliopita uliona hivyo, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha boraksi kwenye lita 10 za maji na uyanyunyize kwenye tuta lote la mita 3 za mraba mara moja tu, kabla ya kupanda. Usiongeze, wala usirudie msimu ule ule. Boroni ikizidi ni sumu kwa mimea. Molibdenamu ikipungua, majani huwa membamba kama mkanda, yamebaki uti wa kati tu. Mara nyingi haipungui udongoni bali imefungwa na tindikali, na dawa yake ni chokaa ya hatua ya 1.

Hatua ya 8: Kagua wadudu kila siku ya tatu

Geuza majani. Kukagua ni kugeuza majani, si kupita na kikombe cha chai ukitazama kwa mbali.

Viwavi wa nondo mgongo-almasi ni wadogo, wa kijani, na ukiwagusa hujipindapinda na kushuka kwa uzi. Hula upande wa chini wa jani na kuacha ngozi ya juu kama kioo cha dirisha. Wachache watoe kwa mkono. Wakizidi, tumia dawa ya bakteria wa Bacillus thuringiensis, ambayo kwenye pakiti huandikwa Bt. Ipulize jioni, maana jua huiharibu, na ifike chini ya majani. Huua viwavi wadogo vizuri kuliko wakubwa, kwa hiyo usisubiri. Rudia kama pakiti inavyoelekeza.

Vidukari hujaa kwenye kunjo za majani ya katikati, wa kijivu, kama wamepakwa unga. Wapige kwa maji ya nguvu wakiwa wachache, au puliza maji ya sabuni: vijiko viwili vya mezani vya sabuni ya maji isiyo na manukato kwenye lita 4 za maji, jioni. Wamalize kabla ua halijafungwa. Wakishaingia ndani ya ua, kuwatoa ni kazi ya jikoni.

Ukitumia dawa nyingine yoyote, soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna, uziandike mahali. Ua la koliflawa limejaa mianya, dawa hujificha humo.

Hatua ya 9: Funika ua libaki jeupe

Ua hugeuka njano kwa sababu ya jua. Linalika, lakini ladha yake inakuwa kali kidogo na sura imepotea. Tangu wiki ya sita chungulia katikati ya mmea kila siku mbili. Utaona kwanza kitu kidogo kama ncha ya kidole, cheupe-krimu, kimefichwa na vijani vinavyokikumbatia. Kikifikia upana wa sentimita 5 hadi 8, ni siku ya kufunika.

Fanya mchana majani yakiwa makavu kabisa. Kusanya majani makubwa manne au matano ya nje, yakutanishe juu ya ua, yafunge kwa kamba laini au kibanio cha nguo. Yaache yalegee kama hema: hewa ipite na ua lipate nafasi ya kunenepa. Ukibana kama kifurushi, joto na unyevu vitalioza ndani ya siku chache. Ua lililolowa usilifunge, lisubiri likauke.

Aina nyingine hujifunika zenyewe kwa majani yao, na za zambarau, kijani na chungwa hazihitaji kufungwa kabisa. Zambarau hupotea kwa kiasi kikubwa zikipikwa, hivyo usishangae sufuriani.

Hatua ya 10: Vuna kwa kutazama, si kwa kupima

Baada ya kufunika, ua huwa tayari kwa siku 7 hadi 12 hali ikiwa ya joto kiasi, au wiki mbili hadi tatu kukiwa baridi. Funua utazame kila siku ya pili. Ukubwa wa kawaida ni sentimita 15 hadi 20, lakini usiung'ang'anie. Kinachoamua ni kushikana. Likiwa gumu, laini juu, vinundu vimebanana, liache likue. Ukiona ukingoni vinundu vinaanza kuachana na mianya inatokea, kata leo hata kama lina sentimita 10. Kesho halitakuwa kubwa, litakuwa limefunguka.

Kata asubuhi, umande ukishakauka, kwa kisu kikali, ukiliachia majani manne au matano ya kulilinda. Lishike kwa majani, maana kila alama ya kidole juu ya ua hugeuka kahawia kesho yake. Majani mateule yaliyobaki yapike kama mboga. Ni ndugu wa sukuma wiki.

Loweka ua kichwa chini kwenye maji yenye chumvi, kijiko kimoja cha mezani kwa lita mbili, dakika 20. Viwavi vilivyobaki vitatoka vyenyewe. Lakini fanya hivyo siku ya kupika. Ua la kutunza liweke kavu, kwenye mfuko wenye matundu ndani ya jokofu, litakaa wiki moja hadi mbili. La kugandisha likate vipande, lichemshe dakika 3, lipoze kwenye maji ya barafu, likauke, ndipo uliweke.

Miche yote ya siku moja huiva ndani ya wiki moja au mbili. Kama hutaki maua kumi kwa mpigo, sia mitano leo na mitano baada ya wiki mbili.

Mambo yakienda kombo

*Ua dogo kama kifungo, mapema mno.* Mche ulikwama: ulizeeka kitaluni, ulikosa maji au naitrojeni wiki za mwanzo, au ulipigwa na baridi kali ukiwa mdogo. Haliongezeki. Likate ulile, nafasi panda kitu kingine.

*Majani makubwa, hakuna ua.* Tazama moyo kwanza. Kama moyo upo hai na joto liko juu, subiri. Ubaridi ukirudi huenda likafunga. Kama moyo haupo, ni mche kipofu.

*Ua lina manyoya, limekuwa kama wali uliomwagika.* Joto kupanda ghafla, au umechelewa kuvuna. Linalika.

*Vijani vinachomoza ndani ya ua.* Joto lilikuja ua likiwa limeshaanza, na naitrojeni nyingi huzidisha. Vichomoe upike.

*Ua lina rangi ya zambarau.* Kwa aina nyeupe, huwa ni jua au baridi kali. Halina madhara.

*Mabaka ya kahawia juu ya ua.* Kata shina. Likiwa na uwazi wenye kahawia ndani, fikiria boroni. Shina likiwa zima na baka ni laini na linanuka, ni uozo wa maji yaliyotuama juu ya ua.

*Mmea unanyauka mchana, unasimama usiku, udongo una maji.* Ng'oa mmoja. Mizizi ikiwa imevimba kama vidole vyenye uvimbe, ni ugonjwa wa uvimbe wa mizizi. Hauna tiba kwa mmea uliopo. Ng'oa mizizi yote na uichome, usiitie kwenye mboji. Inua pH hadi 7.2, na uweke jamii ya kabichi mbali na hapo kwa miaka mingi: vimelea huweza kuishi udongoni zaidi ya 10. Safisha jembe na viatu kabla ya kukanyaga tuta jingine. Mizizi ikiwa safi lakini imetafunwa, tafuta funza.

*Pembe ya njano yenye umbo la V inayoanzia ukingoni mwa jani, mishipa myeusi.* Ni uozo mweusi. Ng'oa mmea, choma, usiguse mingine ukiwa na mikono hiyo hiyo, na usiingie tutani majani yakiwa yamelowa. Mbegu zilizobaki kwenye pakiti ile zipitishe hatua ya 2, au uzitupe.